Majina tuliyopewa na waliokuwa na ugomvi na sisi

Chukua ramani yoyote ya zamani ya huku kwetu, zile za Mjerumani au za Mwingereza, soma majina ya makabila yaliyoandikwa kwa herufi kubwa juu ya mabonde na mbuga, halafu jiulize kitu kimoja tu: hili jina kalitoa nani? Maana mengi sana hayakutolewa na wenyewe. Yalitolewa na jirani, tena mara nyingi jirani waliyekuwa wanaibiana ng'ombe, na jirani wa namna hiyo hawezi kukuita jina zuri. Atakuita adui, atakuita fukara, atakuita mtu wa porini. Kisha anatokea mgeni na daftari lake anauliza "wale kule ng'ambo ni akina nani?", anajibiwa na yule yule jirani, anaandika. Likishaandikwa basi, limekuwa kabila, baadaye linakuwa jina la mbuga au la stesheni ya reli, na mjukuu wa yule aliyetukanwa anakua akiamini ndo jina lake.

Mimi ni Mwiraqw. Wengi mnatujua kama Wambulu, jina ambalo tulipewa na majirani zetu Wabantu na serikali zote zilizopita zikalikuta, zikalichukua hivyo hivyo. Sisi kwa sisi tunaitana Iraqw. Lakini leo sitaki kuongelea sana watu wangu, nataka kuongelea majirani zetu wa kule Hanang, Wadatoga, ambao karibu Tanzania nzima inawaita Mang'ati, na kutoka hapo nitatembea kidogo mpaka pwani na msitu wa Mau kule Kenya, kwa sababu hii habari ni moja tu sehemu zote, na imeniuma muda mrefu.

Mang'ati ni neno la Kimaasai. Maana yake ni adui. Hakuna fumbo hapo, Mmaasai yeyote atakwambia. Wazee wengine wa Kimaasai wanaongeza kwamba siyo kila adui anaitwa hivyo, ni yule adui wa kweli, yule ambaye ukienda kupigana naye unaaga nyumbani, kwa hiyo ndani yake kuna heshima pia. Na historia inawapa haki kusema hivyo, maana kabla Wamaasai hawajafika Ngorongoro waliokuwa wanachunga mle ndani ya kreta ni Wadatoga, wakapigana, Wadatoga wakasukumwa kusini na magharibi mpaka kuzunguka mlima Hanang, na wengine wakaendelea kushuka kuelekea Singida. Makaburi ya wakubwa wao yalibaki kule. Kwa hiyo Mmaasai akisema mang'ati, anasimulia vita vya babu zake na ana sababu zake, mimi simlaumu. Tatizo ni neno lilipotoka mdomoni mwake likaingia kwa watu ambao hawakuwahi kupigana na Mdatoga hata siku moja.

Liliingiaje? Kwa misafara. Mzungu wa kwanza anayejulikana kuingia kreta ya Ngorongoro ni Oscar Baumann, Mwaustria, mwaka 1892, na msafara wake ulitokea Tanga. Sasa fikiria mtu anatoka Tanga na wapagazi wa pwani, anakatiza nchi ya Wamaasai, wakalimani alionao ni watu wanaojua Kimaasai. Akiona watu wengine mbele anauliza kupitia hao hao. Angewezaje kupata jina lingine? Na siyo yeye tu, misafara yote ilikuwa hivyo, ukitokea upande wa Tabora utaambiwa hao hao jamaa ni Wataturu maana ndivyo Wanyamwezi na Wasukuma wanavyowaita, ukitokea upande wa Wamaasai ni Mang'ati. Watu wale wale, na kila anayewaita anawaita kwa kadiri alivyogombana nao au alivyofanya nao biashara. Wenyewe wanasema Datoga, na wale wa Hanang ni Barabaig, ambao ni tawi mojawapo tu la Wadatoga.

Ukianza kuangalia hivi utaona orodha ni ndefu kweli. Wasonjo wa kule Loliondo jina hilo ni la Wamaasai, wenyewe ni Batemi. Wahadza wa bonde la Eyasi waliandikwa Watindiga na Wakindiga miaka na miaka. Wakipsigis wa Kenya waliitwa Lumbwa, tena Kimaasai hicho hicho, jina walilowapa watu wanaolima, na kwa Mmaasai wa zamani kushika jembe kuchimba ardhi kulikuwa ni aibu, mpaka stesheni ya reli ikaitwa Lumbwa na ilikuja kubadilishwa baadaye sana ikawa Kipkelion. Wapokot waliandikwa Suk, na wilaya yao ikaitwa West Suk. Lugha moja ya wafugaji waliokuwa na nguvu wakati ule ndiyo iliyowapa majina watu wengi wa Bonde la Ufa, kwa sababu tu ndiyo lugha ambayo misafara ilipita nayo.

Na usidhani sisi wa Kiswahili tulisalimika kwenye mdomo huo. Mmaasai ana neno ormeek, maana yake ni mtu asiye Mmaasai, mlimaji, mvaa suruali, mtu wa mjini mwenye Kiswahili chake. Hata kijana wa Kimaasai aliyekwenda shule akarudi na suruali aliitwa hivyo na wenzake kwa dharau. Tofauti ni kwamba ormeek haikuingia kwenye ramani. Sisi tulikuwa ndo tunashika daftari, au tumekaa karibu na aliyeshika.

Pwani nako. Watu wa miji ya pwani, waungwana wenye nyumba za mawe na msikiti, waliwaita watu wa nyuma ya Mombasa Wanyika. Nyika unaijua, ni pori kavu lenye miiba, kwa hiyo Mnyika ni mtu wa pori. Mmisionari Johann Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844 akakaa kati ya waungwana hao hao, akajifunza lugha kwao, na mwaka 1846 yeye na mmisionari mwenzake Rebmann walipofungua misheni Rabai tayari wale wenyeji walikuwa na jina kwenye maandishi yake, Wanyika, na lugha yao Kinyika. Wenyewe walikuwa Wagiriama, Wadigo, Waduruma, Warabai, Waribe, Wakambe, Wachonyi, Wajibana na Wakauma, kila mmoja na kaya yake msituni. Hawakuwa wanajiona watu wa pori hata kidogo, kaya zilikuwa ni miji yenye ngome ya miti na milango yake na wazee wake na sheria zake, na mwaka 2008 UNESCO ikaziandika misitu ya kaya kuwa urithi wa dunia. Yaani kitu kile kile ambacho mtu wa mji alikiona kichaka.

Ninachowapendea hawa ni kwamba walikataa, tena walikataa kwa pamoja. Miaka ya 1940 wakaanza kutumia Mijikenda, miji tisa, wakaunda umoja wao Mombasa kwa jina hilo, wakaendelea kulisema mpaka serikali ikaanza kulisema. Leo ukimwita mtu wa Kaloleni au Kilifi Mnyika atakushangaa, na vijana wengi hata hawajui kama liliwahi kuwepo. Kwa hiyo wale wanaosema "aah jina limeshazoeleka haliwezi kubadilika" waangalie hapo. Lilizoeleka miaka mia, likaondoka kwa kizazi kimoja.

Sasa kuna neno lingine la pwani ambalo safari yake ni ndefu kuliko yote na inatisha. Kafiri. Kwa Kiarabu ni asiyeamini, na kwetu bado ni hivyo hivyo, neno la dini. Wafanyabiashara Waislamu wa pwani hii walilitumia kwa watu wa bara ambao hawakuwa Waislamu. Mreno alipokuja na kuzunguka pwani yetu kuanzia 1498 akalisikia, akalifanya cafre, maana yake ikageuka, ikawa mtu mweusi yeyote. Kutoka kwa Mreno likaenda kwa Mholanzi na Mwingereza kule Rasi ya Tumaini Jema, wakaita watu hivyo, wakaita nchi yao hivyo na vita vyao hivyo, likaingia kwenye ubaguzi wa rangi likawa neno la kumwambia mtu unapompiga teke. Mwaka 2018 mahakama moja Afrika Kusini ilimfunga jela mwanamke aliyewatukana polisi na wahudumu wa simu weusi kwa neno hilo mara 48. Dini imeshatoka mle ndani zamani, kilichobaki ni rangi ya ngozi tu.

Nimesema mambo haya yananiuma, acha nieleze kwa nini hayaishii kwenye maneno. Kuna watu wanasema jina ni jina tu, usiwe mtu wa kulalamika. Basi waangalie Ndorobo.

Torobo kwa Kimaasai ni mtu asiye na ng'ombe. Kwa mfugaji, mtu asiye na ng'ombe ni fukara, hana mbele wala nyuma, ni mtu wa kuonea huruma au kumcheka. Wamaasai waliwaita hivyo watu mbalimbali walioishi kwa kuwinda na kurina asali msituni, na wakubwa kati yao ni Waogiek wa msitu wa Mau. Mwogiek hakujiona fukara. Familia yake ilikuwa na sehemu yake ya msitu, inajulikana kuanzia mto huu mpaka ule, mizinga yake iko juu ya miti, na asali anabadilishana na hao hao wenye ng'ombe. Utajiri wake ulikuwa ni asali, na mgeni haoni asali iliyoko juu ya mti, anaona mtu ametoka porini amevaa ngozi.

Mwingereza akachukua Ndorobo kama jina la kabila, na akachukua na maana yake pia. Tume ya Ardhi ya Kenya, ile ya Carter iliyotoa ripoti mwaka 1934, ilipofika kwa hawa watu ilipendekeza wahamishiwe kwenye maeneo ya makabila mengine ambayo wanafanana nayo. Yaani kila kabila lilitengewa eneo lake, lakini hawa hapana, hawa watawanywe kwa wenzao. Kwa nini? Kwa sababu kwenye makaratasi walishakuwa watu wa pembeni, masalia, watu wa hawana. Ukishamwita mtu jina lenye maana ya asiye na kitu, siku ya kugawa vitu huoni shida kumruka. Naamini hivyo kabisa na sijaona mtu wa kunibadilisha mawazo.

Na haikuishia kwa mkoloni. Oktoba 2009 idara ya misitu ya Kenya iliwapa Waogiek wa Mau siku 30 waondoke. Kesi ikaenda mpaka Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, ambayo iko hapa hapa Arusha ninapoishi, na moja ya hoja za serikali ilikuwa kwamba Waogiek siyo kabila la peke yake, ni mchanganyiko tu wa jamii mbalimbali. Niliposoma hiyo hoja nilisimama nikazunguka chumbani, kwa sababu ni Carter yule yule amerudi, miaka zaidi ya sabini baadaye, kavaa suti nyingine. Tarehe 26 Mei 2017 mahakama ikasema hapana, hawa ni watu wenye asili yao na wana haki na ardhi yao ya mababu. Juni 2022 ikaamuru walipwe shilingi za Kenya milioni 57.85 kwa hasara waliyopata na milioni 100 kwa maumivu, pamoja na kupewa hati ya pamoja ya ardhi. Novemba 2023 wengine wakatolewa tena kwa nguvu na nyumba zao kubomolewa, kule Sasimwani upande wa Narok. Hukumu ipo kwenye makabati ya Arusha, na watu wapo barabarani na mabati yao.

Narudi Hanang maana nako kuna yetu.

Chini ya mlima, upande wa Basotu, kuna tambarare nzuri sana, udongo mweusi, maji ya ziwa karibu. Wabarabaig walikuwa wanaleta mifugo pale kwa msimu, wakati wa mvua wanaingia, kiangazi wanatoka, na ndipo walipozika wazee wao wakubwa kwenye yale makaburi ya kichuguu cha udongo wanayoita bung'eda, ambayo mazishi yake yanachukua miezi na ukoo mzima unakusanyika. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960 shirika la serikali la NAFCO, kwa msaada wa Kanada, likaanza kulima ngano pale. Mashamba yakaongezeka mpaka yakawa karibu ekari 100,000, Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda na mengine. Trekta zikapita juu ya makaburi. Hilo siyo la kusimuliwa tu kwenye pombe, watafiti waliokwenda kule waliliandika, na wazee wangu wamewaona majirani zao wakizunguka ndani ya ngano wanatafuta baba zao wamelala wapi.

Kijiji cha Mulbadaw kikaenda mahakamani. Mahakama Kuu ikawapa ushindi. Shirika likakata rufaa na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikageuza, na katika sababu zake kuna hii, kwamba wanakijiji hawakuthibitisha kuwa ni wenyeji kwa mujibu wa sheria. Sheria ya ardhi ya wakati ule ilikuwa imerithiwa kwa Mwingereza na ilikuwa na maana yake ya neno mwenyeji, na mawakili watakueleza kwamba ni suala la ushahidi tu, kwamba walipaswa kulitamka na hawakulitamka. Sawa. Lakini mimi nawaza, ni mtu gani wa Moshi au Bukoba angeambiwa athibitishe kwamba ni mwenyeji kwenye kaburi la babu yake? Hawa waliambiwa, na nchi haikushtuka, kwa sababu nchi ilikuwa inawajua kwa jina moja tu na jina hilo ni adui.

Kuna siku nilikuwa kwenye basi linatoka Arusha kwenda Katesh, limejaa mpaka mlangoni. Njiani akapanda mama mmoja mzee wa Kibarabaig, ana bangili za shaba mkono mzima, sketi ya ngozi yenye nyuzi ndefu, zile alama za mviringo kuzunguka macho, na kibuyu chake kimefungwa kwa kamba. Konda akamsukuma begani, akasema kwa sauti ya basi zima kusikia, we Mang'ati sogea nyuma huko, unanuka maziwa. Watu wakacheka, siyo wote lakini walicheka. Yule mama akageuka akamwangalia vizuri, Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota okota, akasema: "Mimi si Mang'ati. Mang'ati ni adui. Wewe nimekukosea nini?" Konda alikosa cha kujibu, akaanza kuhesabu nauli ambayo alishahesabu. Kijana mmoja aliyekuwa kwenye siti ya mbele akasimama akamwambia bibi njoo ukae, na akakaa, na mpaka tunashuka hakuna aliyemsemesha konda yule. Nimesoma vitabu vingi kuhusu mambo ya majina na makabila lakini sijakuta mahali yamesemwa kwa maneno machache namna ile.

Kuna majina mengine ambayo hayakutoka kwa jirani, yametoka kazini. Manamba, wale wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, waliokusanywa toka Kigoma, Songea, Singida wakapewa namba, na mtu akaitwa kwa namba yake, ikawa aina ya mtu, "usinifanye manamba". Na Machinga. Hili watu wanapenda kulitungia hadithi ya Kiingereza kwamba eti ni "marching guy", mtu wa kutembea tembea na bidhaa, hadithi tamu lakini sikubaliani nayo, maana Wamachinga ni watu, wapo Lindi, wana lugha yao, walikuwepo kabla ya mitumba na kabla ya Kariakoo. Vijana wa Kusini walipoingia Dar kwa wingi miaka ya 1980, wakati huo huo serikali inakamata wazururaji kwa ile sheria ya Nguvu Kazi ya 1983, wakatembeza vitu mikononi na jina la kabila moja dogo likageuka jina la kukimbizwa na mgambo. Leo limetulia kidogo, mwaka 2018 Rais Magufuli aliwapa vitambulisho vya shilingi 20,000 na wenyewe wanajiita Machinga bila aibu. Ila muulize Mmachinga wa Lindi ambaye hajawahi kuuza hata soksi anajisikiaje.

Hata Mswahili. Neno limetoka kwenye sahil, pwani, Waarabu ndo waliowaita hivyo watu wa hapa. Kisha mkoloni akagawa mji, Uzunguni, Uhindini, Uswahilini, na Uswahilini ndiko kulikokosa mitaro na taa. Sasa sisi wenyewe tunasema "acha mambo ya Kiswahili" tukimaanisha uongo na ujanja, "anaishi uswazi" tukimaanisha fujo, na tunayasema kwa lugha hiyo hiyo tunayojivunia kwamba imetuunganisha. Hili linanisikitisha zaidi kwa sababu hakuna jirani wa kumlaumu hapo.

Na kuna yale ambayo yakitamkwa unatakiwa ukimbie. Inyenzi, mende, ilianza kutumika Rwanda mwanzoni mwa miaka ya 1960 kwa wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa wanavuka mpaka usiku. Wakati huo lilikuwa ni jina la kikundi. Kufikia redio ya RTLM inarusha matangazo 1993 na 1994 lilikuwa limeshapanuliwa likabeba kila Mtutsi, mpaka mtoto mgongoni, na kila mtu anajua mende anafanyiwa nini. Kesi ya watu wa redio hiyo na wa gazeti la chuki ilisikilizwa hapa Arusha, kwenye jengo la AICC, na Desemba 2003 watatu wakakutwa na hatia. Napita pale karibu kila wiki. Kenya nako madoadoa, neno la kuelezea ngozi ya ng'ombe au shati, ambalo Bonde la Ufa lilikuja kumaanisha watu wa makabila mengine waliohamia, na doa unaliondoa. Machafuko ya 2007 na 2008 yaliua zaidi ya watu 1,100. Tume ya mshikamano iliyoundwa baada ya hapo ilipotoa orodha ya maneno ya kuchunga kabla ya uchaguzi wa 2022, madoadoa ilikuwemo, na mende pia.

Tanzania tunapenda kujisifu kwamba sisi hayo hatuna. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa 1967 na mimi nakubali uamuzi ule ulikuwa mzuri. Lakini kutoulizwa kabila hakujamfanya mfugaji aliyetolewa bonde la Ihefu, kule Mbeya, mwaka 2006 na 2007 akapelekwa Lindi na Pwani apokelewe vizuri. Kule neno lilifika kabla yake. Mkulima wa Rufiji au Kilosa hajawahi kusikia Datoga wala Barabaig, anachojua ni "Mang'ati wamekuja", na ukiambiwa hivyo unafunga mlango.

Nina ndugu yangu mmoja Mbarabaig, tumekua pamoja, sasa anaendesha bodaboda Dar. Wiki iliyopita nilimpigia nikamwambia naandika hii kitu, nikamuuliza huko kijiweni wanakuitaje. Akasema, "Dada, wananiita Mang'ati, na naitika, hata kwenye simu za wateja nimeseviwa Mang'ati Boda." Nikamuuliza haikuumi? Akasema kijiweni hapana, wale ni washkaji, kuna Mpemba, kuna Mgosi, kuna Mmakonde, wote wana majina na wote wanatukanana kutwa nzima afu wanachangiana mtu akifiwa. Inayomuuma ni redio. Akasema ng'ombe wakiingia shambani mahali, redioni husikii "wafugaji", husikii jina la mtu wala la kijiji, unasikia "Mang'ati wavamia", na siku hiyo abiria wake wawili watatu watamuuliza kwa nini ninyi mko hivyo, yeye ambaye hana hata mbuzi mmoja, ana pikipiki ya mkataba.

Nikamwambia nitaliandika hilo kama alivyolisema, akasema andika, na uwaambie hao wa redio kwamba wakitaka jina letu lipo, Datoga, herufi sita, halizidi Mang'ati kwa chochote. Kisha akaniaga, alikuwa na abiria anamsubiri wa kwenda Mbezi.